Mishubiri Juu ya Mwamba: Bustani ya Watu wa Miaka Mitatu

Mtu akitaka kusema kwamba kitu ni kichungu kupita kiasi, husema ni kichungu kama shubiri. Mama anayemwachisha mtoto ziwa hupaka shubiri, mtoto akaonja mara moja, akalia, na siku ya pili akalikataa mwenyewe. Kwa hiyo wengi wetu tumeujua mmea huu kwa ulimi kabla ya kuujua kwa macho. Ni wachache wanaoukumbuka kwa maua yake. Katika makala hii tunapenda kueleza habari za maua hayo, namna tunavyoyatunza juu ya mawe, na swali moja tulilowahi kuulizwa juu yake ambalo lilitupa kazi kubwa kuliko mtihani wowote wa falsafa.

Sisi ni mafrateri tisa wa kikundi cha bustani. Wengi wetu tuna miaka kati ya 23 na 26. Masomo ya falsafa hapa nyumbani ni ya miaka mitatu, kisha mtu huenda kwingine kwa ajili ya teolojia, au hugundua kwamba njia yake ni nyingine na kurudi nyumbani kwa heri. Kila mwaka baadhi yetu huondoka na wapya huingia. Kikundi kinabaki, watu wanabadilika. Jambo hilo, kama tutakavyoona, lina uhusiano mkubwa na mshubiri.

Seminari yetu ipo katika kanda ya kati ya Tanzania, ambako mvua ina msimu mmoja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Mji wa Dodoma hupata kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzima, na sisi hatuna tofauti kubwa na huko. Kuanzia Juni upepo huvuma, nyasi hukauka, na ifikapo Septemba maji ya kisima hupimwa: kwanza jiko, kisha mifugo, kisha mboga. Maua hayamo katika orodha. Nyuma ya bwalo la chakula kuna kilima kidogo cha mawe ya granaiti, kama yale yanayoonekana kote kando ya barabara ya Singida. Hapo jembe haliingii. Mahindi hayaoti, mchicha hauoti. Kwa miaka mingi palikuwa mahali pa kuanikia nguo na makao ya mijusi.

Mafrateri waliotutangulia ndio walioanza kupanda mishubiri pale. Hawakuchagua alovera ile inayotiwa katika sabuni na mafuta ya nywele. Asili ya alovera ni rasi ya Arabuni, na maua yake ni ya manjano. Walichagua mshubiri wa porini ambao wataalamu huuita Aloe secundiflora, unaoota wenyewe katika nchi za Tanzania, Kenya, Rwanda, Ethiopia na Sudan Kusini. Jamaa ya mishubiri ni kubwa, ina aina zaidi ya 500, na nyingi zipo Afrika, Madagaska na Arabuni. Huu wetu hutambulikana kwa urahisi. Majani yake ni mapana, manene, yamepangwa kama waridi kubwa lililokaa chini, na pembeni yana meno magumu ya rangi ya kahawia. Ukilikata jani hutoka utomvu wa manjano, na huo ndio uchungu wenyewe. Shina la maua hupanda hadi usawa wa kiuno au kifua cha mtu, likatoa matawi yaliyolala, na juu ya kila tawi maua mekundu yote huelekea upande mmoja, kama watu waliokaa kwenye benchi wakitazama juu. Jina la kitaalamu linamaanisha hivyo hivyo: maua ya upande mmoja.

Kwanza tueleze namna ya kuutunza, kwa kuwa wasomaji kadhaa wenye makao ya mawe wametuuliza.

Adui wa mshubiri si jua wala si ukame. Ni maji yanayotuama. Kwa hiyo bustani ya mawe huufaa kuliko bustani ya kawaida, mradi mawe yamepangwa kwa akili. Jiwe halikai tu juu ya udongo kama kitu kilichoanguka kutoka kwenye lori. Linazikwa theluthi moja hivi, na uso wake unainamishwa kidogo kuelekea nyuma, ili maji ya mvua yaingie ndani ya kilima yakanyweshe mizizi badala ya kukimbia na udongo. Katika nafasi kati ya mawe tunatia mchanganyiko wa ndoo mbili za mchanga mkubwa wa mtoni, ndoo moja ya udongo wa kawaida, na nusu ndoo ya samadi iliyooza vizuri. Samadi ikizidi, mmea hunenepa upesi, majani yakawa laini, na wadudu hufurahi. Mwisho tunazungushia kokoto ndogo shingoni mwa mmea, ili shingo ikae pakavu hata siku ya mvua kubwa. Chini ya jiwe udongo hubaki na ubaridi na unyevunyevu kidogo kwa muda mrefu baada ya mvua, na mizizi hulifahamu hilo. Hutambaa ikajificha humo.

Maji tunatia mara moja tu kwa wiki mbili kwa mche mchanga wa mwaka wa kwanza, na hata hivyo ni kikombe kimoja, pembeni, si katikati ya majani. Mshubiri uliokomaa hatuupi kitu tangu Mei hadi mvua. Wakati wa kiangazi majani hugeuka rangi yakawa mekundu-kahawia, na mgeni akipita husema, "Mafrateri, maua yenu yanakufa." Hayafi. Mvua zikinyesha, kijani hurudi. Wadudu gamba na vidung'ata wakionekana kwenye maungio ya majani, tunawasugua kwa mswaki uliochakaa na maji ya sabuni. Ndiyo dawa yetu yote.

Jambo lililotushangaza zaidi tulipolisoma ni namna mmea huu unavyopumua. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani, yaani stomata, mchana, ili kuingiza hewa ya ukaa wakati jua linawaka na kutengeneza chakula. Lakini kufungua mchana katika nchi kavu ni kama kuacha mlango wazi mbele ya mwizi: maji yote hutoka. Mshubiri hufunga mchana na kufungua usiku. Hewa inayoingia usiku huhifadhiwa ndani ya majani kama asidi. Kukicha vitundu hufungwa, na mmea hutumia akiba ile kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua huku milango imefungwa. Mmoja wa watu wa kwanza kulitambua jambo hili aliligundua kwa ulimi, kama watoto wetu wa kuachishwa ziwa. Mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, aliyekuwa akifanya kazi India, alitafuna majani ya mmea mwingine wenye majani manene. Asubuhi yalikuwa machachu, mchana hayakuwa na ladha, jioni yalianza kuwa machungu. Barua yake juu ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 1815. Hakuwa na kipimo kingine zaidi ya mdomo wake na uvumilivu wa kuonja kitu kile kile mara tatu kwa siku.

Darasani tunamsoma Aristotle, aliyefundisha kwamba mimea nayo ina nafsi, ile ya ngazi ya kwanza, ambayo kazi yake ni kujilisha, kukua na kuzaa. Mwanafunzi wake Theophrastus aliandika vitabu tisa vya maelezo ya mimea na vingine sita juu ya sababu zake, na hivyo vimetufikia hadi leo. Tukiwa darasani mambo hayo huonekana ya kale. Ukiwa umechuchumaa mbele ya mshubiri saa kumi na mbili asubuhi, ukijua kwamba sasa hivi unafunga milango yake kwa ajili ya mchana, huoni ukale wowote.

Kuhusu kuzaa, mshubiri una masharti. Aina nyingi za mishubiri haziwezi kujichavusha zenyewe. Ua la mmea mmoja linahitaji chavua kutoka kwa mmea mwingine, na mbebaji mkuu ni yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, chozi. Mshubiri mmoja peke yake juu ya mwamba unaweza kuchanua vizuri kila mwaka na usipate mbegu zenye uhai. Ndiyo maana waliotutangulia walipanda zaidi ya mmoja tangu mwanzo. Nao walipanda kwa mbegu walizookota porini, hawakung'oa mimea. Mishubiri yote ya porini imo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Ni alovera peke yake iliyotolewa humo. Sisi hatufanyi biashara, lakini mzee anayetunza mashamba ya seminari alituambia jambo hilo hilo kwa maneno yake: "Wanangu, ukichukua mbegu, mama anabaki. Ukimchukua mama, mbegu utaomba kwa nani?"

Mbegu zikiwa mpya huota baada ya wiki mbili hadi nne katika kopo lenye mchanga. Baada ya hapo kazi kubwa ni kungoja. Kwetu, mche uliotokana na mbegu umechukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kutoa ua la kwanza. Sasa piga hesabu, ndugu msomaji. Falsafa ni miaka mitatu. Anayesia mbegu katika mwaka wake wa kwanza ana bahati akiona shina la maua likichomoza kabla hajafunga begi. Anayesia katika mwaka wa pili hawezi kuona kitu. Bustani yetu, kwa hiyo, kila mara huchanua maua ya watu walioondoka.

Sasa tulieleze lile swali.

Shule ya msingi iliyo jirani na seminari ilikuwa na upungufu wa madarasa. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakisoma chini ya mti hadi mvua zinapoanza, kisha wanabanana na darasa la pili. Wananchi walikuwa wamekubaliana kujenga chumba kimoja kwa nguvu zao hadi boma lisimame. Tofali zilikuwa zimefyatuliwa na mchanga umesombwa. Kilichopungua ni mawe ya msingi na kokoto za zege. Mwenyekiti wa kijiji alikuja na wazee wawili kwa Padre Gombera. Walisalimiana, wakaongea habari za mvua, kisha wakaomba mawe yaliyo nyuma ya bwalo letu. Ni mawe ya karibu zaidi, na lori la kusomba kutoka mbali lingekula fedha yote iliyochangwa.

Padre Gombera hakutoa amri. Alikiita kikundi chetu akasema, "Niambieni bustani yenu inafaa nini. Kisha niambieni mawe yale yanafaa nini. Nipeni jibu Jumamosi."

Tulikaa Ijumaa usiku baada ya chakula. Wa kwanza kusema alisema wazi kwamba hana la kujadili. Mtoto wa miaka saba hawezi kukalia ua. Mawe yaende. Wa pili akatetea bustani kwa faida zake. Alikumbusha kwamba akina mama wa kijijini huja kuomba majani ya mshubiri kila mdondo unapoingia, wakayakatakata na kuyatia katika maji ya kuku. Kweli huja, na huwa tunawapa majani ya nje, yaliyozeeka, tukiwakumbusha pia kwamba kinga ya uhakika ya mdondo ni chanjo ya matone. Alitaja vidonda, akataja mmomonyoko wa udongo. Orodha ilikuwa ndefu na nzuri.

Ndipo wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mkimya, akasema neno lililotusimamisha. "Tukiitetea kwa kufaa kwake, tumeshashindwa. Darasa litafaa zaidi kila siku. Hata mabomba yatafaa zaidi, hata banda la nguruwe. Hakuna ua litakaloshinda kesi hiyo." Akakumbusha tulichosoma muhula ule kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika swali la tano la Summa, anapogawa mema katika makundi matatu: jema linalotakwa kwa ajili yake lenyewe, jema linalotakwa kwa sababu linatufikisha kwingine, na jema ambamo hamu yetu hutulia kwa furaha. "Padre ameuliza inafaa nini," alisema. "Labda jibu la kweli ni kwamba haifai kitu, na bado ni njema."

Tulinyamaza kidogo. Kisha wa kwanza akajibu, bila hasira: "Mimi nakubali ni njema. Lakini mtoto naye si chombo cha kufikia kitu kingine. Naye yumo katika kundi la kwanza." Hoja hiyo hatukuweza kuipangua, na hadi leo hatujaipangua.

Mjadala ungekesha kama si ndugu mmoja, mtoto wa fundi mwashi, kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: "Mbona hatujauliza wanataka mawe yapi?" Asubuhi tulimwomba mzee wa mashamba aje kilimani pamoja nasi. Alizunguka na mtarimbo wake akigonga huku na huku, akisikiliza sauti. Akatuonyesha kwamba kilima chetu ni vitu viwili. Sehemu ya chini ni mawe yaliyobanduka zamani, yaliyolala tu juu ya udongo. Hayo yanang'oleka na kuvunjika kwa nyundo. Sehemu ya juu ni mwamba wenyewe, mmoja, wenye nyufa, ambao hata ukiuchoma moto siku tatu utapata kokoto za ndoo mbili. Wanaojenga wangechukua chini. Juu hawakuwa na haja napo.

Ukisikia hivyo utadhani jambo limekwisha kwa amani na kila mmoja amepata chake. Haikuwa hivyo. Bustani yote ilikuwa na mishubiri 19, na 11 kati yake ilikuwa pale chini. Hiyo ndiyo iliyosiwa kwa mbegu. Ilikuwa mwezi Juni, na kwa mara ya kwanza mashina ya maua yalikuwa yameanza kuchomoza katika mimea minane. Kusubiri maua yapite kungemaanisha msingi kuchimbwa Septemba na boma kukutwa na mvua. Kuhamisha mshubiri wenye shina la maua bila kulikata shina hilo ni kuutaka ulishe ua kwa mizizi ambayo haijashika, na mara nyingi unapoteza vyote viwili. Walikuwepo ndugu watatu wa mwaka wa tatu ambao waliitunza miche hiyo tangu ikiwa na ukubwa wa kidole, kikombe kwa kikombe. Mwezi ule ule walikuwa wanamaliza na kuondoka. Kukata mashina yale kulikuwa na maana moja kwao, nao waliijua bila kuambiwa.

Jumamosi tulimpelekea Padre Gombera jibu la mistari miwili: mawe ya chini yaende shuleni, na sisi tutayavunja wenyewe wakati wa kazi za mikono, mishubiri ipande juu kwenye nyufa. Akasoma, akauliza kama ndugu wa mwaka wa tatu wamekubali. Walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja akasema, "Padre, tumeomba sisi ndio tukate."

Wakakata. Mashina manane yakatiwa katika ndoo ya maji, ikawekwa bwaloni karibu na dirisha. Vitumba vya chini vilifunguka siku chache baadaye, vichache tu, vyekundu, na nyumba nzima ikala chakula mbele yake kwa wiki moja.

Kuhamisha mshubiri kuna taratibu zake, nazo tunaziandika hapa kwa atakayezihitaji. Unachimba mbali na shina ili kuokoa mizizi minene. Mizizi iliyovunjika unaikata kwa kisu kisafi. Kisha huupandi siku hiyo. Unaulaza kivulini, mahali penye hewa, kwa siku nne au tano hadi majeraha yakauke, kwa kuwa jeraha bichi likikutana na unyevu huoza. Halafu unaupanda katika ufa uliojazwa mchanganyiko wa mchanga, unaushikiza kwa vijiwe ili upepo wa Julai usiutikise, na hutii maji kwa wiki nzima. Hapo mkono huwasha kutaka kusaidia. Mzee alikuwa akipita akituangalia na kutuonya, "Uacheni. Unajifunza mahali papya."

Majani yakageuka mekundu, kisha kahawia, yakajikunja kama mikono ya mtu anayesikia baridi. Mmoja uliliwa na nungunungu. Mwingine uliozea shingoni. Tisa ikabaki hivyo hivyo, si hai kwa kuitazama na si mfu kwa kuigusa, hadi Desemba. Wakati huo mawe yalikuwa yameshatumika. Tuliyavunja kwa majuma matano, kwa nyundo na sururu, na kuyasomba kwa toroli kupitia lango la nyuma, tukipokezana na wazazi wa watoto. Boma lilisimama kabla ya mvua, kama walivyopanga.

Mvua ya tatu ilipokwisha, kijani kilionekana katikati ya majani, kidogo kama ncha ya kalamu.

Mwaka huu, mwezi Julai, minne kati ya ile tisa ilichanua juu ya mwamba. Chozi walikuja siku hiyo hiyo, wa kike wa rangi ya majivu na wa kiume anayemetameta. Mmoja wa wale ndugu watatu aliacha njia ya upadre akiwa nyumbani baada ya falsafa, na sasa ni mwalimu. Alikuwa akituuliza kwa simu kila baada ya miezi kadhaa, kwa neno moja tu: "Imeshika?" Tulimtumia picha. Alijibu kwamba ameionyesha darasani.

Darasa la jirani sasa limeezekwa. Mwalimu mkuu aliomba miche michache ya kupanda mbele yake, tukapeleka sita. Tulipokuwa tukipanda, watoto walituzunguka. Mmoja akauliza, "Hili ua linaliwa?" Mwenzake akamjibu kabla yetu: "Linaliwa na ndege." Yule wa kwanza akaridhika kabisa.

Tumerudia mara nyingi lile swali la Padre Gombera. Hatufikiri kwamba ua lilishindwa na darasa, wala kwamba tulipata ujanja wa kuvipatanisha. Mtoto alikuwa na haki, na ua likampisha. Lakini kumpisha mtu njiani si kusema kwamba wewe huna safari. Kama tungejibu kwamba bustani si kitu, tusingeihamisha. Tungevunja mawe na kusahau. Tulijisumbua kwa siku nyingi kwa ajili ya mimea 11 isiyofaa kitu, katika majuma yale yale tuliyokuwa tukijisumbua kwa ajili ya darasa, na mikono iliyotoka malengelenge ilikuwa ile ile.

Sisi tulio mwaka wa tatu sasa tunamaliza. Mbegu za maua ya Julai tumeshazisia katika makopo 12, na zimeota. Zitachanua wakati majina yetu yamo katika daftari la kikundi tu. Tumebandika karatasi ndani ya mlango wa stoo ya vifaa kwa ajili ya watakaokuja: kikombe kimoja kwa wiki mbili, pembeni, mwaka wa kwanza tu, majani yakiwa mekundu msiogope, akina mama wakija kwa ajili ya kuku, wapeni majani ya nje, na mtu yeyote akihitaji mawe, kwanza mwulizeni ni yapi.